Chaji Isiyoisha

Balbu iliwaka tena. Fundi aliitazama, akaitazama plagi iliyolala sakafuni, akasonya.

"Nimekumwaga chaji mara ngapi wewe?"

Hakuwa na muda wa vituko. Mashine ya hewa ya mama yake ilikuwa imeunguza pawa saplai, kifaa cha kuilisha umeme, asubuhi hiyo, spea madukani hakuna, na mtungi wa hewa wa kuazima usingefika mpaka kesho. Kwa mapafu yale ya mama, kesho ilikuwa mbali mno. Kilichobaki karakanani ni amplifaya ya bendi fulani, iliyoletwa baada ya mwimbaji wao kuanguka jukwaani na kukata roho, maiki mkononi. Wenyewe hawakurudi kuichukua. Ndani yake kulikuwa na pawa saplai ya volti zilezile, lakini mbovu, tena ubovu wa kumtia mtu wazimu: akibadilisha diodi inazima, akibadilisha transista inapiga mluzi mwembamba, mithili ya mtu anayetafuta wimbo aliousahau.

Kama fundi yeyote anayejipenda, hakutia kidole kabla ya kumwaga kwa balbu chaji ya kapasita, kile kikopo kinachotunza umeme hata plagi ikichomolewa. Unagusisha nyaya, balbu inamulika, inafifia, yameisha. Hii ilififia, kisha akigusisha tena inawaka vilevile, na plagi iko sakafuni.

"Masalia tu," alijiambia. Alikuwa amechoka, amekasirika, vidole vimeungua, na pua yake ilishaanza kunusa manukato na jasho la mtu aliyesimama karibu mno. Akapiga meza ngumi.

"Fanya kazi basi! Unachotaka nitakupa!"

Mluzi ukakatika. Mita ikasoma volti ishirini na nne, imetulia tuli.

Hakujiuliza mara mbili. Aliifunga kwenye boksi la plastiki, akakimbia nayo chumbani, akaunga nyaya za mashine. Mama alivuta pumzi ndefu, midomo ikarudiwa na rangi. Fundi nusura alie.

Mkewe ndiye aliyemvuta shati.

"Baba watoto," alinong'ona. "Sikiliza."

Mama alikuwa amelala, huku anaimba. Sauti ilikuwa nzito, ya kiume, na ile harufu ya manukato ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Chomoa hicho kitu! Tutambeba hospitali hivyohivyo!" mkewe alisema.

Fundi akachomoa plagi, na mashine ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna aliyeigusa, na wimbo ukaendelea, naye akafungua boksi, akachukua balbu yake, akagusisha nyaya kwenye kapasita, na balbu ikawaka kwa mwanga mkali ambao haukufifia, na kadiri ulivyowaka ndivyo kifua cha mama kilivyoshuka, kikashuka, kikasimama, mpaka mkewe akapiga yowe naye akaziachia nyaya.

Kifua kikanyanyuka.

"Gusisha tena," mkewe alisema huku analia. "Hapana, usigusishe. Mungu wangu, sijui."

 Fundi alibaki ameshika balbu, hasira yote imemwishia, amebaki na woga mtupu. Mama akafumbua macho, akamtazama kwa upole.

"Weka mbali hiyo balbu, fundi," alisema. "Na wakileta mtungi kesho, waambie wamekosea nyumba."

Maisha yake yote, mama hakuwahi kumwita fundi. Alimwita mwanangu.