Fungu la Siafu

"Mwanao kamla mwanangu, na leo sitoki hapa mpaka amtapike!"

Mama Kimya alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, kitambaa cha kichwa kimemteleza mpaka sikioni. Ndani, Mama Chiriku aliinua mguu kwenye cherehani, na sketi ya shule aliyokuwa akiishona ikasimama nusu njia. Alikuwa amebana pini mdomoni.

"Kamla nini?" aliuliza katikati ya pini.

"Kamla karata! Mtoto kaja nyumbani macho mekundu kama pilipili. Namuuliza una nini, ananiambia, 'Mama, nimeliwa. Chiriku kanila.' Tangu lini nyumba hii imekuwa ya kamari? Niambie, jirani, na mimi nijue!"

Ng'ambo ya ujia, mpiga pasi alitega sikio hata akasahau pasi juu ya shati la mtu.

Majina ya watoto hawa yalikuwa utani wa mtaa mzima. Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu alianza kuongea akiwa hajafumbua macho vizuri asubuhi, na alilala neno likiwa mdomoni. Kimya, rafiki yake wa mlango wa pili, angeweza kukaa nawe tangu asubuhi hadi jioni asiseme zaidi ya "sawa". Kilichochekesha ni mama zao. Mama Kimya sauti yake ilisikika hadi barabara kuu, naye Mama Chiriku alikuwa mtu wa maneno machache, tena yamepita kwenye pini.

Chiriku alitoka nyuma ya pazia, kadi zake mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, na usinizungushe!"

"Si kamari, mama. Hizi ni kadi za Falme za Wanyama. Kila mtu ana fungu lake. Mwenzangu akitoa mnyama, nami nikatoa mwenye nguvu zaidi, ndiyo nimemla. Mchezo ukiisha, kila mtu anarudishiwa kadi zake. Hakuna hata senti."

Mama Kimya alimkazia macho. "Kwa hiyo anayeliwa, haliwi?"

"Haliwi, mama. Analiwa mezani tu."

Mpiga pasi aliangua kicheko. Mama Kimya alijaribu kununa, akashindwa, akacheka mpaka akashika mlango. "Basi mimi nimeacha mboga jikoni nije kupigana na picha!"

Mambo yangeishia hapo. Lakini Mama Chiriku alikuwa akitoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye kifuko chake cha sponji. Alipomaliza, alimtazama binti yake.

"Kama kuliwa ni mchezo, na kila mtu anarudishiwa vyake," alisema, "mwenzako kalilia nini?"

Chiriku alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mlangoni, nyuma ya mama yake, Kimya aliyekuwa amekuja naye alikuwa akisokota pindo la gauni, macho chini.

"Chiriku wangu akikosa la kusema," mama yake alisema polepole, "hapo pana jambo."

Ndiyo, palikuwa na jambo.

Likizo ilipoanza, wasichana wote wawili walikwenda na akiba zao kwa Mzee Gundi, mwenye duka la vitabu na daftari, ambaye vidole vyake vilinata kila siku kwa kubandika majalada. Kimya alichukua kisanduku cha bei ya chini kabisa, kilichokuwa na vumbi kwenye rafu ya mwisho: fungu la ndege wadogo, lililokamilika. Chiriku alimcheka. Yeye alinunua pakiti moja moja, akiwinda kadi zinazong'aa, mpaka akiba ikaisha. Akapata mamba, akapata kifaru, na siku ya mwisho akapata tembo wa dhahabu, kadi ambayo ukiigeuza kwenye jua inatupa mwanga ukutani. Watoto wa mtaa mzima walikuja kuitazama.

Tatizo lilikuwa maji. Katika mchezo ule, mnyama hatoki mpaka anywe. Shomoro anatosheka na kadi moja ya maji. Tembo anataka sita. Chiriku alikuwa na wakubwa watupu na maji ya kuhesabu. Wakicheza, tembo wake alikaa mkononi tangu mwanzo hadi mwisho, anang'aa bure, huku shomoro wa Kimya wakimaliza kazi mezani.

Siku kadhaa alishindwa, na aibu ikampanda kichwani, maana Jumamosi watoto wote wangekutana kibarazani kwa Mzee Gundi kushindana. Basi akamwambia Kimya, kwa ule ulimi wake wa asali, "Hizo za maji hazina hata picha ya maana. Nipe kumi, nikupe kifaru wangu anayeng'aa. Nakupa kwa sababu wewe ni rafiki yangu."

"Sawa," alisema Kimya.

Tangu hapo ndege wa Kimya walikaa na kiu. Alipoteza mchezo mmoja, akapoteza wa pili, na wa tatu akaenda kwao analia. Chiriku alijua kwa nini. Alijua tangu kabla hajafungua mdomo.

Sasa aliyasema yote, akiwa ameangalia sakafu, kwa sauti ambayo hata mpiga pasi alishindwa kuisikia. Mama Kimya alivuta pumzi aanze upya, lakini Mama Chiriku alimgusa mkono, naye kwa mara ya kwanza mwaka ule akanyamaza.

"Mwanangu, njoo," alisema Mama Chiriku. Alimvuta binti yake karibu na cherehani, akamfuta shavu kwa kipande cha kitambaa. "Kumla mwenzako mezani si kosa. Mnacheza nyote wawili, na yeye anajua anacheza. Lakini pale ulipombadilishia kadi, wewe ulikuwa unacheza, mwenzako alikuwa anakuamini. Umeona tofauti?"

"Nimeona, mama."

"Basi unajua la kufanya."

Chiriku alichambua kadi zake, akatoa zile kumi za maji, akamwekea Kimya mkononi. "Nilikudanganya," alisema. "Nilijua zina kazi. Nisamehe."

Kimya alimrudishia kifaru. Kisha alimtazama rafiki yake, ambaye sasa alikuwa amebaki na wanyama wakubwa wasio na maji ya kutosha, akasema sentensi ndefu kuliko zote za likizo ile: "Twende kwa Mzee Gundi. Nitakusaidia kuchagua."

Mzee Gundi aliwapokea huku akijaribu kubandua karatasi kwenye kidole gumba. Alizitandaza kadi za Chiriku juu ya kaunta, akazitazama, akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, hii ni karamu. Umealika vigogo watupu, wamevaa wamependeza, na jikoni hujabandika hata sufuria. Pesa zilizoingia kwenye pakiti hizi sirudishi. Ila tembo huyu kuna mtu anamuulizia. Niachie yeye, nami nikupe fungu zima la kuanzia. Chagua mwenyewe."

Chiriku alimshika tembo kwa mkono mmoja, akamgeuza. Mwanga ulipita darini.

"Mimi nina swali moja tu," alisema Mzee Gundi. "Unataka kutazamwa, au unataka kucheza?"

Chiriku alimtazama tembo mara ya mwisho. Halafu akamweka tembo kaunta, kifudifudi, asimwone.

Kwenye rafu ya mwisho vilibaki visanduku viwili. Kimoja kilikuwa na chui mkali juu yake. Chiriku alikikimbilia, lakini Kimya alikigeuza nyuma na kuonyesha kwa kidole: chui wengi, maji machache. Kile kingine kilikuwa na picha ya siafu.

"Siafu!" Chiriku alikunja uso. "Nikiingia kibarazani na siafu, watanicheka mpaka shule ifunguliwe."

"Wanakunywa kidogo," alisema Kimya. "Na wanatoka wengi. Soma."

Chiriku alisoma. Siafu mmoja peke yake hakuwa lolote. Lakini kila aliyetoka alimwongezea nguvu aliyetangulia, na maji yalikuwa ya kutosha. Hakuna kadi iliyokaa mle kwa urembo. Alisoma tena, safari hii akitabasamu.

"Kwa hiyo wanasaidiana," alisema.

"Kama sisi," alisema Kimya, akatazama pembeni kwa haya.

Jioni walitandika mkeka kati ya milango yao miwili wakajaribu fungu jipya. Chiriku aliongea na siafu wake mmoja mmoja, akiwatuma huku na kule. Ndege wa Kimya walinywa, wakatua, wakadonoa siafu. Mchezo ulivutana mpaka kadi za mwisho, na hapo Kimya, yule yule mtoto wa "sawa", alirusha kadi juu na kupiga ukelele:

"Nimekula! Nimewala wote!"

Mama Kimya alichomoka ndani na mwiko mkononi. "Nani kaliwa tena?"

"Mimi, mama!" Chiriku alijibu, anacheka mpaka machozi. "Kanila vizuri kabisa!"

Mama Kimya alisimama, akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama juu ya mkeka, mikono hewani. Kisha akamgeukia mwenzake, aliyekuwa mlangoni akikunja sketi iliyokwisha kushonwa.

"Jirani, sauti hii mwanangu kaitoa wapi?"

"Ilikuwamo," alisema Mama Chiriku. "Ilitaka mtu wa kucheza naye kwa haki." Aliweka sketi kando, akafungua mlango wote. "Haya, aliyekula na aliyeliwa, kanaweni mikono. Na wewe uliyeacha mboga yako ikaungua kwa ajili ya picha, weka huo mwiko chini. Ingia tule."