Gitaa la Mudathir na Kifua cha Sabiha

Jumamosi asubuhi duka la rangi la Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, lilijaa mafundi mpaka kizingitini. Sabiha alisimama katikati ya msongamano, amevaa ovaroli ya buluu yenye madoa ya kila gari alilopata kulipaka, ushungi mweusi kaufungia nyuma kama anayekwenda kupigana. Mbele yake alikuwa mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, amekumbatia gitaa la umeme lililobambuka rangi kama ukuta wa bafu la uani.

"Nipe msasa namba sitini," mwanamume alimwambia muuzaji, "na kopo moja la rangi ya kupuliza. Nyekundu."

Sabiha hakujizuia. "Sitini? Unakwenda kusugua gitaa au kuparua mihogo?"

Watu waliangua kicheko. Mwanamume aligeuka akamtazama kuanzia ushungi mpaka buti.

"Kwani dada wewe ni fundi wa magitaa?"

"Fundi wa rangi. Napaka magari gereji ya Pongwe. Msasa huo utauchana mti, na hilo kopo litakuachia michirizi kama machozi ya bibi harusi. Mpelekee fundi."

"Fundi wa mwisho alikaa nalo miezi minne, akanirudishia bila skrubu mbili."

"Basi fanya mwenyewe, ila fanya kama mtu mwenye akili." Akamgeukia muuzaji. "Mpe mia na themanini, mia tatu ishirini, na mia sita."

"Haya, bibie unayeniagizia, unaitwa nani?"

"Sabiha."

"Mimi Mudathir. Napiga gitaa maharusini. Hujapata kuniona?"

"Nikienda harusini huwa natazama sahani."

Akacheka mpaka gitaa likagonga kaunta. Wakaachana mlangoni, lakini Mudathir alikuwa ameshaichukua namba yake ya simu.

Sabiha alikuwa na miaka thelathini na mbili. Mume wake wa kwanza alimtaka achague kati yake na gereji, akachagua gereji, na hakupata kujuta. Kazi ile ilikuwa yake peke yake. Katika mji mzima wanawake waliopuliza rangi ya magari hawakufika watatu. Alijifunga mtandio uliolowa puani, akapuliza, na jioni alikunywa nusu lita ya maziwa ili yasafishe kifua, kama walivyomfundisha mafundi waliomtangulia. Hivyo miaka tisa. Mwaka ule kifua kilianza kumbana. Hakumwambia mtu. Fundi anayekohoa hapewi gari.

Ijumaa baada ya sala Mudathir alifika Makorora, nyumbani kwa mama yake Sabiha, Bi Mwatumu. Aliamkia vizuri, akapewa kigoda uani. Sabiha alimfungulisha skrubu moja moja, akamchoresha nyaya zote kwenye karatasi kabla hajazikata.

"Fuata nyuzi za mti," alimwambia. "Usizunguke zunguke. Hukuni nazi."

"Mkono umechoka, mwalimu."

"Badilisha mkono."

"Na huo nao ukichoka?"

"Nitajua sikupata mwanafunzi, nimepata mgeni."

Ikawa kila Ijumaa. Katikati ya wiki zilikuwa simu.

"Hujambo, fundi wangu?"

"Sijambo. Umesugua?"

"Nimesugua mpaka vidole vimekufa ganzi. Leo nina harusi Chumbageni, na gitaa lenyewe la kuazima. Nitapigaje?"

"Piga kwa meno."

"Sabiha, nakupenda, unajua?"

"Umefika namba ngapi?"

"We mwanamke!"

"Nimesikia. Maliza mia tatu ishirini kwanza, ndipo nikujibu."

Alipomaliza, alimjibu. Alimjibu uani mchana kweupe, mama yake amekwenda sokoni, kwa maneno mawili tu, kisha akamwambia apanguse vumbi. Mti ulikuwa umetoka mweupe, laini kama shavu. Sabiha alipitisha kiganja juu yake.

"Kusugua kila mtu anaweza akinyamaza," alisema. "Kupuliza niachie mimi. Nyeusi, tabaka saba, ujione uso. Magari ninayopaka huondoka, hata sijui yanakwenda kugongwa wapi. Hili nitaliona kila harusi, watu wanalitazama. Liache hapa, nitalipuliza Jumapili."

Akakohoa, akainama, akashika ukuta.

"Ni nini?" Mudathir aliuliza.

"Vumbi lako."

Alhamisi Mudathir alikuja Sabiha akiwa kazini, akalichukua gitaa. Jumapili hakutokea. Jumanne Anold, mwenye gereji, alimwambia huku akifuta mikono, "Yule mpiga gitaa wako nimemwona kwa Badru. Gitaa limening'inizwa pale, lina tabaka la kwanza tayari."

Badru alikuwa fundi mzuri wa rangi. Hilo ndilo lililouma zaidi. Sabiha alipiga simu pale pale, kando ya gari lililovuliwa milango.

"Gitaa liko wapi?"

"Kwa Badru."

"Kwa nini?"

"Sabiha, nitakueleza tukionana."

"Nieleze sasa. Mkono wangu ulitosha kukufundisha kusugua, kwenye rangi ukakumbuka mimi mwanamke?"

"Wallahi sivyo."

"Vipi basi?"

"Siwezi kusema. Nimeapishwa."

"Umeapishwa kunidharau? Mwambie Badru hongera. Na wewe usinipigie tena, Mudathir. Usikanyage kwetu."

Hakupokea simu zake siku kumi. Siku ya kumi na moja Anold alileta basi dogo, kazi ya watu wawili. Sabiha alisema ataifanya peke yake. Kulikuwa na upepo wa vumbi, akafunga milango yote ya banda. Alichanganya rangi na dawa yake ya kukaushia, akaanza kwenye paa. Alipofika ubavuni pumzi ilikuwa inaingia lakini haitoki. Alimaliza ubavu ule. Anold alimkuta amekaa sakafuni, midomo imekuwa ya kijivu, mashine ya kupulizia bado iko mkononi.

Hospitalini daktari, mwanamke kijana asiye na muda wa kubembeleza, alimwuliza anajikinga na nini.

"Mtandio. Na maziwa."

"Maziwa yanakwenda tumboni, dada. Ulichokuwa unavuta kinakwenda kwenye mapafu. Ile dawa ya kukaushia imeshakichokoza kifua, na hakitasahau. Ukirudi kupuliza, utakufa kwenye hilo banda."

"Nikipona?"

"Utapata nafuu. Sikusema utapona."

Sabiha aligeukia ukutani. Miaka tisa, na hata mtu mmoja hakumwambia. Waliomfundisha nao hawakuambiwa. Wawili walikuwa wameshazikwa, na watu walisema ni sigara.

Bi Mwatumu alikaa ukingoni mwa kitanda akisokota ncha ya kanga. "Mwanangu, mimi ndiye niliyemwapisha Mudathir. Kila alfajiri nakusikia unavyotafuta pumzi. Nilimwambia asikuache upulize lile gitaa, na asikwambie nimesema. Ungeihama nyumba."

"Ningehama," alisema Sabiha. Kisha akalia, na kulia nako kulihitaji pumzi asiyokuwa nayo.

Mudathir alipigiwa simu, akaja mbio wodini, na kwa ujinga wa mtu mwenye furaha akaja na gitaa. Lilikuwa jeusi, linang'aa, taa za dari zimo ndani yake. Sabiha aliliona toka mlangoni, na kabla hajatoa sifa yoyote harufu ya rangi mbichi ilimfikia. Kifua kikafunga. Alipiga godoro kwa mkono, macho yamemtoka.

"Litoe!" muuguzi alipiga kelele. "Toka nalo!"

Mudathir alikimbia nalo mpaka nje ya geti. Aliporudi mikono mitupu, Sabiha alikuwa na kifuniko cha hewa usoni. Alikaa sakafuni, kando ya kitanda.

"Sikudharau mkono wako," alisema.

Sabiha alikisogeza kifuniko. "Badru... amefanya kazi nzuri." Akapumua. "Ningefanya nzuri zaidi."

"Najua."

Wiki ile ile Mudathir alilipeleka gitaa kwa dada yake Kigombe. Akakaa ufukweni siku tatu, akaikwangua rangi yote ya Badru kwa mkono wake, akaliosha na kulianika. Alilirudisha mti mtupu. Maharusini walimcheka kwamba ameishiwa. Uani Makorora, Sabiha alilipakata, akalinusa, akavuta pumzi, ikatoka.

"Hapa umesugua kwa kuzunguka," alisema.

"Nilikuwa na hasira. Sabiha, nataka kuleta wazee."

"Mimi ni mgonjwa. Sina kazi. Baada ya miaka michache utakuwa unanibeba."

"Nimeuliza kuoana. Kupona sijauliza."

Wazee walikuja Jumapili baada ya alasiri, wakiongozwa na Ami Abdulghani, mdogo wa baba yake Mudathir. Bi Mwatumu alitandika mikeka, akapanga halua na kahawa. Sabiha alifungiwa chumbani, amevaa dera la zambarau na mtandio wa hariri.

"Usikohoe," mama yake alinong'ona. "Wakishakubali, yatajulikana polepole. Posa ikirudi, hapana mwingine atakayekuja."

Akatoka, akatia udi kwenye chetezo. Kwake sumu ilikuwa rangi. Udi ni udi, na nyumba isiyofukizwa siku ya posa majirani wangesema nini? Moshi ulipita chini ya mlango, mtamu, mzito. Sabiha aliuziba mlango kwa kanga. Haukuzibika. Sebuleni wazee walikuwa wanaulizana hali za watu wa Maramba. Alijua angeweza kuuma mtandio akakaa kimya, kama alivyokaa kimya gereji. Kukaa kimya ndiko kulikomfikisha pale.

Akafungua mlango akatoka, mkono mmoja ukutani.

"Shikamooni." Pumzi. "Mimi ndiye Sabiha. Kifua changu kimeharibika." Pumzi. "Hakitapona. Rangi kinaikataa, na huo moshi pia. Msiseme mlifichwa."

Bi Mwatumu alijifunika uso kwa kanga. Ami Abdulghani, mzee wa miaka sabini na kitu, aliinuka kwa shida, akakishika chetezo kwa ncha ya kanzu yake, akatoka nacho mpaka uani, akakimwagia maji. Aliporudi alifungua madirisha yote mawili.

"Mudathir alitwambia yote," alisema, akikaa. "Nusura nisije, sikufichi. Nimekuja, na nimeoga kwa maji matupu, sikujitia manukato. Bi Mwatumu, tuendelee. Binti atataka mahari gani?"

Sabiha alikuwa bado amesimama. Alingoja mpaka pumzi ikatosha sentensi nzima.

"Mahari yangu ni harusi isiyo na udi," alisema, "wala manukato, wala mtu wa kuniuliza kwa nini."

"Itakuwa harusi ya ajabu," mzee alisema.

"Itakuwa hivyo."

Bi Mwatumu alilia kimya kimya nyuma ya kanga yake, na Ami Abdulghani akamwambia mwenzake aandike.