Swali Lililonukia Mawese

Jumapili ile Merina aliponyanyuka kwenye benchi la tatu na kutoka, Elikana hakumwona. Alikuwa anajibu maswali.

Ilikuwa mwisho wa Julai, mwaka 2006, katika kanisa la bati la Kibirizi, hatua chache kutoka ziwani. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, lilifunguliwa sanduku la maswali. Elikana ndiye aliyelitengeneza, kwa kuwa alikuwa fundi seremala, na ndiye aliyewafundisha wanaojiandaa kubatizwa. Mtu aliandika shaka yake kwenye karatasi bila jina, akaitumbukiza, na Elikana akaisoma mbele ya wote na kuijibu. Kwa nini kuna makanisa mengi hivi kama Mungu ni mmoja? Akajibu. Aliyetubu saa ya mwisho anaokoka sawa na aliyehangaika maisha yake yote? Akajibu. Watu walimwita Bwana Majibu, naye hakulichukia jina hilo.

Karatasi ya mwisho siku hiyo ilikuwa na doa la rangi ya chungwa pembeni. Aliisoma kwa sauti: "Mtu alimwomba Mungu akiwa ndani ya ziwa hili, akazama. Mungu alikuwa wapi? Na kwa nini na mimi nizamishwe mumo humo ndipo niitwe Mkristo?"

Nusu ya waliokaa pale walikuwa wamevuka ziwa wakikimbia vita upande wa Kongo. Mchungaji Zefania alitazama saa yake. Elikana alitaka kumaliza vizuri, akachukua jibu lililokuwa karibu. Akawakumbusha habari ya Petro aliyetembea juu ya maji.

"Petro alianza kuzama lini?" aliuliza. "Alipotia shaka. Anayeamini hazami, ndugu zangu."

Watu wakaitika Amina, mama mmoja akapiga kigelegele, kwaya ikaanza.

Alipotoka nje hakumkuta Merina. Siku nyingine angekuwa kwenye kivuli cha ukuta, kitenge kimekazwa kiunoni, tayari kumwambia kwamba leo tena amesema kupita kiasi. Jioni alisubiri bipu. Walikuwa na utaratibu wao wa simu: bipu moja maana yake nipo, nimekukumbuka, mbili maana yake nipigie. Kwa miezi kumi haikupita jioni hata moja bila bipu. Jioni ile ilipita.

*

Mara ya kwanza walikutana sokoni Ujiji, siku ambayo Elikana alikuwa anakatiza katikati ya wauzaji na ubao mrefu begani. Mtu alimwita, akageuka, na ncha ya nyuma ya ubao ikafagia chupa tatu za mawese. Ardhi ikawa nyekundu. Mwenye mawese alisimama taratibu: msichana mrefu, blauzi ya kitenge cha kijani yenye mikono mipana ya mshono wa Kongo, kilemba cha rangi hiyohiyo.

"Kaka, huo ubao una macho?"

"Mbele unayo, dada. Nyuma bado sijauwekea."

"Basi kaa hapa uwaeleze wateja wangu hivyo mpaka jioni."

Akakaa. Aliwaita wateja kwa sauti ya mahubiri, nao wakakimbilia kwa Scola, muuzaji wa jirani, na Merina akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kitenge. Wiki iliyofuata Elikana alimletea kichanja cha mbao cha kupangia chupa. Wiki nyingine alikuja kukaza misumari ambayo haikuwa imelegea.

Alimweleza kwamba anataka kumwoa. Merina aliomba kwanza aijue imani yake, asije akaolewa na kitu asichokijua, akaanza kuhudhuria mafundisho. Ubatizo ulipangwa Jumapili ya pili ya Agosti, ziwani. Baada yake Elikana angepeleka posa Ilagala, kwa Honorata, mama mdogo wa Merina, aliyemtoa kambi ya wakimbizi na kumlea. Kuhusu mama yake mzazi, Merina alisema jambo moja tu, kwamba alifariki wakati wa kukimbia. Elikana alitoa pole na hakuuliza zaidi. Alizoea kujibu, kuuliza hakukuzoea.

*

Jumatatu simu ya Merina haikupatikana. Jumanne Elikana alikwenda sokoni, akakuta kichanja kitupu.

"Bwana Majibu," alisema Scola bila kuinua macho kwenye dagaa zake, "leo na wewe una swali?"

Alimweleza kwamba Merina amekwenda Ilagala, kachukua kila kitu mpaka sufuria. Salamu hakuacha.

Elikana alirudi kanisani, akafungua sanduku. Karatasi zilikuwa bado zimo. Aliichukua ile yenye doa, akaileta puani. Mawese. Miezi kumi alikuwa akiishika mikono yenye harufu ile, na mbele ya watu hakuitambua. Akakaa kwenye benchi la tatu na kuisoma tena polepole, kama ambavyo angeisoma siku ile kama asingekuwa na haraka ya kuwa hodari.

Kesho yake alfajiri alipanda boti ya abiria ya kwenda kusini. Aliapa kutorudi kabla hajamwona. Njia nzima aliangalia maji.

*

Honorata alimkuta mlangoni. Elikana alimwamkia kwa heshima, akaitikiwa, kisha mama yule akampima kwa macho kuanzia viatu.

"Wewe ndiye wa sanduku?"

"Ndimi, mama."

"Yuko nyuma, anapika mawese. Mwache amalize kusema ndipo useme."

Merina alikuwa amesimama kando ya pipa linalochemka, kitenge kimepauka, uso umeloa kwa mvuke. Hakuacha kukoroga. Alisema bila kupandisha sauti, kama anayemweleza mtu njia. Mwaka wa tisini na tisa walitoka upande wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, watu thelathini ndani ya boti ya kubeba kumi na watano. Kulipokucha waliona miti ya upande huu, wakaanza kushukuru. Ndipo wimbi likaipindua boti. Mama yake, Regina, alimshikisha dumu tupu, mwenyewe akabaki ameshika kamba ya dumu hilo.

"Alikuwa anaomba," Merina alisema. "Kwa sauti. Aliomba kuliko wote botini. Halafu sauti ikaisha. Sasa niambie, Bwana Majibu. Mama yangu alitia shaka?"

"Hapana."

"Jumapili ulisema nini?"

"Nilisema uongo. Merina, sikujua ni wewe."

"Ingekuwa si mimi, ingekuwa kweli?"

Kuni zilipasuka chini ya pipa.

"Ingekuwa uongo vilevile," alisema Elikana.

Merina alimsogezea kigoda kwa mguu. Elikana akakaa.

"Habari ya Petro nimeifundisha miaka minne," alisema. "Leo kwenye boti nimeona nilikuwa naikata nusu. Petro alishikwa akiwa bado na shaka yake. Kwanza alipewa mkono, maneno yakaja baadaye. Mimi nilikupa maneno."

"Mama hakupewa mkono."

"Hakupewa kwa namna ambayo tungeiona. Kwa nini, sijui, na sitakutungia. Ninachojua ni kwamba Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Alilia msalabani akiuliza kwa nini ameachwa. Kama kuuliza ni kukosa imani, yeye alikosa wa kwanza. Mama yako yuko kwa mtu aliyewahi kufa akiwa anaomba. Siwezi kukuonyesha, Merina. Naamini tu."

Merina aliendelea kukoroga.

"Na maji?" aliuliza. "Kwa nini maji haya?"

"Niliwafundisha kwamba ubatizo ni kuoshwa. Ni kweli, lakini hiyo nayo ni nusu tu. Mtume anasema ni kuzikwa. Unashuka kaburini pamoja na Kristo, unatoka pamoja naye. Nililiruka hilo kwa sababu linatisha wanafunzi."

Mwiko ulisimama.

"Kuzikwa," alisema Merina. "Mama hajazikwa, Elikana. Hata matanga hatujakaa."

Kwa sababu mwili haukupatikana, Honorata alikataa matanga. Alisema anayekaa matanga bila maiti amemfungia mlango mtu ambaye huenda yuko njiani. Kwa miaka saba blanketi la Regina lilikuwa limekunjwa juu ya sanduku la nguo, likimsubiri. Hakuna aliyenyoa nywele, hakuna aliyelia kwa sauti.

"Siwezi kuzamishwa kwenye kaburi la mama kabla hajaliliwa," alisema Merina. "Hilo nitalimaliza mimi na mama mdogo. La kwako ni jingine. Jibu lile ulilitoa mbele ya watu wote. Nenda ulirudishe mbele ya hao hao. Yuko mzee Martini pale, mwenye watoto wawili ziwani. Aliitika Amina, nilimwona. Angefanyaje, na wewe umeshasema?"

"Nikimaliza?"

"Ukimaliza nitabipu. Au sitabipu. Sasa nenda, boti inaondoka."

*

Mchungaji Zefania hakupenda. Aliona jambo lile limalizwe pembeni, kwa maombi, maana watu wakisikia mwalimu amekosea jibu moja watayatilia shaka yote. Elikana alimwambia kwamba hilo moja lilitosha kuwafukuza watu, na kwamba kama hataruhusiwa madhabahuni atasemea mlangoni. Mchungaji akampa dakika tano.

Alisimama Jumapili akiwa na shati jeupe lililonyooshwa na karatasi yenye doa mkononi. Mkono ulitetemeka, kila mtu aliona. Akaisoma tena. Akasema kwamba wiki iliyopita aliwapa jibu la uongo, kwamba waliozama hawakuzama kwa kukosa imani, na kwamba aliyewashitaki wafu wasioweza kujitetea ni yeye. Akawaomba msamaha wao na wafu wao. Kwaya haikujua ianze au isianze.

Mzee Martini alinyanyuka kwa fimbo yake.

"Kwa hiyo wanangu hawakukosa?"

"Hawakukosa, mzee."

Mzee alikaa, akafunika uso kwa kofia, mabega yakaanza kutikisika. Mama aliyepiga kigelegele wiki iliyopita alihama benchi lake, akaenda kukaa karibu naye.

Jumapili jioni simu ilikaa kimya. Jumatatu ikakaa kimya mpaka jua lilipoanza kushuka. Kisha ikaita mara moja, ikakatika. Ikaita tena, ikakatika. Elikana aliangusha randa.

"Uko wapi?" aliuliza alipopiga.

"Kilimani, natafuta mtandao. Mbuzi wa watu wananishangaa." Upepo ulivuma kwenye simu. "Scola kanieleza. Anasema ulitetemeka kama kuku wa mvua."

"Nilitetemeka."

"Vizuri, mpenzi wangu. Ulipokuwa hutetemeki nilikuogopa."

Akamweleza habari za nyumbani. Asubuhi ile Honorata alilichukua blanketi la dada yake, akalianika juani, akakaa chini karibu nalo, na kwa mara ya kwanza akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Alipomaliza alisema inatosha. Akasema pia kwamba mkwe hawezi kuja kuposa kwenye nyumba ambayo haijamlilia mtu wake; aje msibani kwanza, posa itajua njia.

"Kasema mkwe?" aliuliza Elikana.

"Usijivune. Kasema pia mkwe ana mbao, na sisi hatuna pa kukalisha watu."

"Na ubatizo?"

Mbuzi mmoja alilia.

"Nitaingia," alisema Merina. "Lakini maswali yangu siyaachi ukingoni. Nitaingia nayo."

"Ingia nayo."

Matanga ya Regina yanaanza Alhamisi, Ilagala, na yanaanuliwa Jumamosi. Ubatizo ni Jumapili, saa mbili asubuhi. Elikana anapeleka mabenchi sita. Manne yamekwisha, mawili bado anayapiga randa.