Baiskeli Nyekundu na Matofali Mabichi

Kila Ijumaa, akishavua sare za shule na kula, Kiberiti alibeba ndoo mbili za maji hadi kwenye banda lililokuwa nyuma ya nyumba yao. Humo zilikaa baiskeli sita za milimani, zenye matairi mapana na gia nyingi. Zilikuwa kazi ya mama yake. Kila Jumamosi watu walitoka mjini, naye akawaongoza kwenye njia nyembamba za mashambani, wakavuka vijito, wakapita vijijini, wakarudi wamechoka na wamefurahi. Kazi ya Kiberiti ilikuwa kuziosha baiskeli, kuzifuta na kutia mafuta kwenye minyororo.

Jina la Kiberiti hakuzaliwa nalo. Wenzake walimpa darasa la pili, kwa sababu ukimgusa kidogo tu, anawaka. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na bado aliwaka.

Ijumaa hiyo alikuwa na moto wa wiki nzima. Jumamosi iliyopita mgeni mmoja wa kila wiki, daktari wa meno mwenye kitambi na maneno mengi, aliitazama moja ya baiskeli hizo, ile nyekundu, akauliza mbele ya watu kama imeoshwa au imelambwa na mbuzi. Wageni walicheka. Mama naye alicheka, na kicheko cha Mama ndicho kilichomchoma zaidi. Jioni yake Mama alimwambia kwamba baiskeli zikiwa safi wiki ijayo, atamruhusu kwenda na msafara kwa mara ya kwanza, akae mkiani.

"Ataona," Kiberiti alijisemea, akisugua. "Atauona uso wake humu, na kitambi chake."

Alisugua mpaka mabega yakamuuma. Fremu iling'aa, lakini rimu, zile duara za chuma zinazoshikilia tairi, zilibaki zimefifia kama sufuria kuukuu. Akaenda jikoni akachukua chupa ya mafuta ya kupikia, akalowesha kitambaa, akazipaka rimu zote mbili za baiskeli nyekundu. Zikametameta kama kioo. Angeendelea na nyingine, ila chupa ilibaki na mafuta ya kutosha mboga za jioni tu, akairudisha mahali pake.

Mzee Spoki, fundi wa njiapanda, alikuwa amemwambia zaidi ya mara tatu kwamba mafuta ni ya mnyororo, na kwenye rimu hayafiki hata tone, kwa sababu rimu ndiyo inayobanwa na raba za breki. Kiberiti aliyakumbuka maneno hayo alipokuwa akikunja kitambaa. Akajiambia kwamba wazee wana maneno mengi.

Asubuhi daktari wa meno aliizunguka ile baiskeli, akatikisa kichwa. "Leo mbuzi kafanya kazi," alisema. Kiberiti aliuma mdomo wake. Mama alimkonyeza, akaichukua baiskeli nyekundu yeye mwenyewe, msafara ukaondoka: Mama mbele, wageni wanne katikati, Kiberiti mkiani.

Walipita kati ya mashamba ya maharage, wakavuka daraja la magogo wakiwa wameshuka na kuzikokota baiskeli. Katika kijiji cha kwanza kuku walitawanyika wakilalamika, na watoto wakawakimbilia mpaka pumzi zikawaishia. Kiberiti hakuwa na kinyongo na mtu. Kisha wakafika juu ya mteremko. Haukuwa mkali, lakini ulikuwa mrefu, na mwisho wake palikuwa na uwanja wa mfyatua matofali.

Mama alitangulia kama kawaida. Katikati ya mteremko alibana breki. Baiskeli haikusikia. Alibana tena kwa mikono miwili, nayo ikazidi kukimbia.

"Pisheni!" Mama alipiga kelele.

Matofali mabichi yalikuwa yamepangwa juani kwa safu. Baiskeli ilizipita safu hizo kama kijiko kwenye uji, ikaangukia shimo la udongo, na Mama juu yake. Alipoinuka alikuwa na udongo hadi masikioni, na kifundo cha mkono kimeanza kuvimba.

Mfyatua matofali alisimama akiwa na kalibu, kile kisanduku cha kufyatulia, mkononi. Alikuwa mtu mpana, ameingia udongo hadi magotini, na hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Tangu alfajiri nimeinama, mama," alisema. "Tangu alfajiri."

Mama alimwomba radhi, lakini maumivu na aibu vilikuwa vimemjaa, vikatafuta pa kutokea. Vikapata. Alisema kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba Spoki alifunga raba mpya za breki juzi tu, na kwamba ama amemwekea takataka, ama kazi imemshinda. Mfyatua matofali akajibu kwamba kama ndivyo, basi baiskeli yake ya kubebea maji mzee huyo haigusi tena, na ndugu zake wote atawaambia. Watu walikuwa wamekwisha kusanyika. Mmoja alisema macho ya mzee yamekwisha. Mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani akasema amesikia kwamba siku hizi anakunywa.

Kiberiti alijua kwamba Mzee Spoki hanywi kitu zaidi ya chai. Alifungua mdomo, akaufunga. Alimkasirikia daktari wa meno kwa utani wake, akamkasirikia mwanamke wa ndoo, akaukasirikia hata mteremko. Kila mtu alipata fungu lake la hasira, isipokuwa yule aliyestahili.

Daktari wa meno alipanda baiskeli yake kwenda kumwita fundi njiapanda, ambapo hapakuwa mbali. Mzee Spoki alikuja kwa miguu na mfuko wake wa spana, mwembamba kama jina lake, amekunja uso. Kiberiti alimwamkia, "Shikamoo, babu." Mzee aliitikia bila kumtazama. Njiani alikuwa amekwisha kuambiwa yaliyosemwa.

"Fundi, ulitaka kuniua," Mama alisema.

Mzee aliigeuza baiskeli nyekundu kichwa chini, akaisimamisha kwa kiti na usukani, akazungusha gurudumu la mbele, akabana breki. Gurudumu liliendelea kuzunguka bila wasiwasi. Akalisimamisha kwa kiganja, akapitisha kidole gumba juu ya rimu, akakinusa. Kisha akageuka taratibu, akamtazama Kiberiti.

Kiberiti alitazama chini.

"Raba ni mpya," mzee alisema. "Nimezifunga mimi, na sizionei haya. Lakini hapa pana mtu anayejua zaidi yangu. Namngoja aseme mwenyewe."

Mama alimwambia asilete mafumbo, aseme kama ana la kusema. Mzee akafuta kidole chake kwa kitambaa. Kiberiti alimkasirikia naye pia. Kwa nini asiseme tu yakaisha? Hapo akamwona mfyatua matofali akiikokota baiskeli yake na kuiegemeza mbali, upande ambao mkono wa fundi hauwezi kufika. Mzee Spoki naye aliona. Alikikunja kile kitambaa, akaufunga mfuko wake wa spana kama mtu aliyefukuzwa kazi.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ni mimi, Mama. Nilipaka rimu mafuta ya kupikia ili zing'ae. Babu alinikataza siku nyingi. Nikapaka."

Mama alimgeukia, uso umebadilika, na Kiberiti alijua kinachokuja. Lakini Mzee Spoki aliinua mkono.

"Kabla hujamfikia mtoto, Mama Kiberiti, kuna maneno uliyasema mbele ya watu hawa. Yarudishe mbele ya watu hawa hawa."

Mama aliwageukia watu, akasema wazi kwamba alikosea, kwamba kazi ya fundi ni nzuri na hakuwa na haki ya kuitukana kabla ya kuitazama. Mwanamke wa ndoo akanong'ona kwamba yeye alisikia tu, akaondoka upesi, maji yakimmwagikia mabegani. Mfyatua matofali alikwenda akairudisha baiskeli yake, akaiegemeza karibu na mfuko wa spana.

Ndipo mzee alipomgeukia Kiberiti.

"Kupaka mafuta ni kosa la mikono," alisema. "Mikono ya mtoto hukosea, na ya fundi pia. Lakini kunyamaza huku jina la mtu linavunjwa, katika hilo mikono haihusiki. Matofali haya utayafyatua tena leo hii, udongo upo. Jina langu ungelifyatua kwa udongo gani?"

"Nisamehe, babu. Umenisamehe?"

"Bado. Bado nina hasira. Lakini umesema mwenyewe, na hilo nimelisikia."

Msafara haukuendelea siku ile. Kiberiti alikanyaga udongo na kujaza kalibu mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na Mama, mkono mmoja umefungwa kitambaa, akateka maji kwa mkono mwingine. Daktari wa meno alivua viatu akaingia shimoni kukanyaga udongo, akitota hadi kwenye kitambi. Alisema mzaha ule wa mbuzi umemrudia. Hakuna aliyecheka isipokuwa mfyatua matofali, naye kidogo tu.

Ijumaa iliyofuata, Kiberiti aliziosha rimu kwa sabuni na majivu, akazisuuza mara mbili. Kisha akaikokota baiskeli nyekundu hadi njiapanda, bila kutumwa na mtu. Mzee Spoki aliigeuza kichwa chini, akazungusha gurudumu, akabana breki. Gurudumu likasimama papo hapo.

"Haing'ai," mzee alisema.

"Haing'ai, babu," Kiberiti alikubali. "Lakini inasimama."

Mzee aliibana breki mara nyingine, polepole, kama mtu anayesalimiana na rafiki.

"Hasira imepungua nusu," alisema. "Kesho zileteni zote sita. Hakuna inayoteremka mlima kabla wewe na mimi hatujaijaribu."