Kompyuta Iliyojifunza Meza

Kila siku akitoka shule, binti yangu hupitia kibandani ninaposhona viatu, akanisimulia ya darasani. Tulimpa jina la utani Chiriku kwa kutofunga mdomo. Tangu mama yake afariki kwa kukosa dawa ambazo wakubwa walisema zipo, sauti yake ndiyo redio yangu.

Muhula ule mwalimu aliwafundisha akili mnemba, yaani kuionyesha kompyuta picha nyingi mpaka itambue vitu yenyewe. Wakubwa waliahidi kompyuta kumi, wakaleta moja. Tena mkaguzi angekuja Ijumaa kuona inavyotumika. Asiporidhika, hata hiyo moja ingehamishiwa shule nyingine.

Darasa liliamua kuifunza kutambua kiatu kinachotengenezeka na kilichokwisha. Chiriku alipiga picha mia mbili kibandani kwa simu ya mwalimu: vya kutengeneza juu ya meza yangu, vilivyokwisha kwenye rundo sakafuni. Kompyuta ikapatia vyote. Wenzake wakamwita Profesa.

Jumanne, kwa utani, alipiga picha ya kiatu kilichooza soli kikiwa mezani. Kesho yake kompyuta ikasema kinatengenezeka. Kumbe haikujifunza viatu, ilijifunza meza!

Wenzake walitaka mkaguzi aonyeshwe zile picha za mwanzo tu. Jioni Chiriku alikuja kimya, nikajua kuna jambo. Aliponieleza, nami nikawaunga mkono wenzake.

"Wao wanatudanganya kila siku," nikasema.

"Baba, soli ukiibandika gundi bila kuishona, mteja hajui. Mbona unashona?"

Nikaitazama sindano mkononi, nikamwambia afanye anavyoona ni haki.

Asubuhi alimwambia mwalimu ukweli. Alhamisi hiyo darasa zima likajaa kibandani. Niliwafundisha kukunja soli na kuvuta nyuzi ili kujua kiatu kilichokwisha, wakapiga kila kiatu picha mezani, sakafuni, hata mlangoni, kisha wakaifunza kompyuta upya.

Ijumaa walinialika. Mkaguzi hakutaka picha za mtu. Akavua kiatu chake mwenyewe, kinang'aa rangi, akakiweka dirishani, watoto wakakipiga picha. Kompyuta ikasema kimekwisha. Watoto wakabana vicheko. Nikakikunja, soli ikapasuka mpaka kisigino.

"Mashine imesema kweli, mzee," nikamwambia, na raha ya kusema hivyo sitaisahau.

Akacheka mwenyewe, akatia saini kompyuta ibaki, akaondoka amevaa ndala zangu. Darasa likalipuka kwa vifijo.

Mwalimu akamshika Chiriku bega. "Mashine haina akili ila ile tunayoikopesha," akawaambia. "Ukiikopesha uongo, itakulipa uongo. Huyu aliona kosa lake kabla ya mtu yeyote, akalisema. Ndiyo maana tumeshinda."