Kinanda wa Mageti Mawili

Mpelelezi Nge aliruka ukingo wa dimbwi la kuchujia maji, akateleza, akajishika kwenye bomba, akaendelea kukimbia.

Mbele yake mwanamume wa ovaroli ya kijivu alitimua mbio huku amekumbatia begi la simu. Huyo ndiye Kinanda. Walimpa jina hilo kwa sababu koo lake lilitoa sauti yoyote uitakayo: mama anayelia, daktari mstaafu, kijana wa kijiweni. Kwa miezi kadhaa sauti hizo zilizunguka kwenye simu za watu, zikiwaambia wafuasi wa chama cha Mwavuli kwamba wenzao wa chama cha Ngazi wanataka kuwamaliza. Watu wa Ngazi nao walipata yaleyale, ila majina yamegeuzwa. Aliyemlipa alikuwa nje ya nchi, akisubiri watu wakatane mapanga aje auze amani kwa bei yake.

Amri ya Mkuu asubuhi ilikuwa fupi. "Samaki mzima, na magamba yake."

Yaani mlete hai, pamoja na simu.

Kinanda alijitosa ndani ya stoo ya klorini. Mlango wa chuma ukajifunga kwa kishindo, komeo likaingia.

Nge alichomoa bastola yake ya Glock, akaona alama ya fuvu mlangoni, akairudisha kiunoni. Ndani mlikuwa na mitungi ya gesi ya kusafishia maji. Risasi moja ingeitoboa, na yeye na mtaa mzima wangekuwa maiti kabla ya chakula cha mchana.

Ndipo aliposikia makelele.

Yalitoka geti la mashariki. Halafu na la magharibi.

Mtambo ule wa maji ulikuwa katikati ya mitaa miwili isiyopikika chungu kimoja. Mashariki walikaa watu wa Mwavuli, magharibi watu wa Ngazi. Asubuhi hiyo Kinanda aliingia na lori la mitungi, akapiga picha zile alama za fuvu, akazituma pande zote: hii hapa sumu, wenzenu wameileta, ichomeni stoo kabla haijawafikia watoto wenu. Alitegemea kuwa mbali watu watakapofika. Walimwahi.

Nge alibonyeza redio yake ya Motorola.

"Mkuu, mageti yote yamezingirwa. Wana madumu ya petroli. Nahitaji kikosi."

"Kikosi kiko kwenye mzunguko wa barabara."

"Kinangoja nini?"

Mkuu alikohoa. "Wanabishana. Nusu yao wamepokea ule ujumbe."

"Askari?"

"Askari nao wana simu, Nge."

Alikata. Hasira ilimpanda, lakini hasira haina ufunguo wa geti.

Kwenye geti la mashariki bawabu, mzee wa makamo mwenye kofia iliyomzidi kichwa, alikuwa amesimama nyuma ya nondo akiwasihi watu. "Jamani, wanangu, mimi mwenyewe nakunywa haya maji! Nani kawaambia…"

Jiwe likaruka juu ya geti, likampata kichwani. Akaanguka kama gunia.

Nge alimwona aliyerusha. Alikuwa kaka yake, mtoto wa mama yake, aliyemfundisha kuendesha baiskeli, aliyelia kuliko wote siku Nge alipoolewa. Mkono wake ulikuwa bado juu.

Hakuwa na nafasi ya kulia. Alijiinamisha, akamburuta bawabu hadi chumba cha pampu, mawe yakilia juu ya mabati. Fundi wa zamu alifungua mlango kidogo, akawaingiza, akausukumia meza.

Chumba kilikuwa kidogo na cha moto. Madirisha yalikuwa na nondo nene zilizowekwa kuzuia wezi, na sasa zilikuwa zimewazuia wao. Upande mmoja uliona geti la mashariki, upande wa pili la magharibi. Hapakuwa na upande wa tatu. Bawabu alilazwa sakafuni, fundi akamfunga kichwa kwa shati lake mwenyewe, damu ikapenya vilevile.

"Binti, wewe ni wa Mwavuli au wa Ngazi?" fundi aliuliza, akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Mimi ni wa kutoka humu nikiwa hai. Wewe?"

"Mimi Ngazi. Lakini hili la sumu ni uongo mtupu, maji nayasafisha mwenyewe." Akapunguza sauti. "Ila lile la vidonge vya homa kutengenezwa na Mwavuli ili tusizae, lile ni kweli. Shemeji yangu alitumiwa."

Nge aligeukia dirisha. Mganga hajigangi.

Nje, geti la mashariki lilianza kupinda.

"Wakiichoma stoo itakuwaje?"

"Mitungi itapasuka. Gesi ile nzito, inatambaa chini, inaingia kila nyumba." Fundi alinyoosha kidole dirishani. "Watakufa kweli, binti. Halafu watu watasema, si tuliwaambia kuna sumu?"

Nge alielewa kazi nzima ya Kinanda kwa mara ya kwanza. Uongo ule ulikuwa ukitafuta watu wa kuugeuza kweli, na ulikuwa umemwajiri hata kaka yake.

Alitupa macho ukutani. Kulikuwa na kisanduku chenye swichi.

"Hiki cha nini?"

"Cha kuitana kati ya vyumba. Kila chumba kinacho. Cha stoo huwa tunakisikiliza mtu akiwa ndani, asije akazidiwa na gesi tusijue."

"Na honi zile za getini?"

"Za kuwaambia majirani wakimbie gesi ikivuja."

"Unaweza kuunganisha sauti ya stoo na honi?"

"Naweza. Lakini kanuni za kazi haziruhusu."

"Kanuni zinaruhusu kuchomwa?"

Fundi alichukua bisibisi.

"Na pampu ziongeze mwendo," Nge alisema. "Nataka aliye stoo asisikie kitu cha nje."

Akatoka kwa mlango mdogo wa nyuma uliotazama stoo, akatambaa hadi stoo. Akagonga chuma kwa kitako cha bastola.

"Kinanda! Wanakuja kuichoma stoo, kama ulivyowaagiza. Mimi naondoka. Kwaheri."

Akarudi alikotoka, mbio.

Pampu zilinguruma hadi sakafu ikatetemeka. Fundi alibana waya wa mwisho. Kwa muda hakukuwa na kitu ila mvumo na geti likilia. Vijana wawili walikuwa tayari wamelipanda wakiwa na dumu.

Kisha honi zikakohoa.

Koo lilisafishwa. Pua ikavutwa. Halafu mama mmoja akaanza kulia juu ya mageti yote mawili.

"Ndugu zangu wa Mwavuli, msichome stoo! Kijana wetu yumo humo, ana ovaroli ya kijivu, mpisheni. Sumu iko kwenye chumba cha pampu! Watu wa Ngazi wameiweka, wachomeni humo humo!"

Kukawa na mlio mdogo wa kutuma. Kwenye geti la mashariki simu zikaanza kuita mifukoni, moja baada ya nyingine, na kila aliyefungua alisikia kilio kilekile alichokwisha kukisikia hewani.

Koo likasafishwa tena.

"Ndugu zangu wa Ngazi, msichome stoo! Kijana wetu yumo humo…"

Simu za magharibi zikaita.

Halafu ikaja sauti ya mwanamume, kavu, ikipokea simu. "Ndiyo, bosi. Wamechelewa kidogo. Ah, hawa? Hawa ukiwaambia mama zao ni mamba, watakwenda kuwatafuta mtoni."

Vijana waliokuwa juu ya geti walibaki hapohapo, mguu huku mguu kule. Hakuna aliyewaambia washuke wala wapande.

"Na hiyo nayo imetengenezwa na serikali!" mtu mmoja alipiga kelele.

"Nyamaza, baba wee," mwanamke mmoja alimjibu. "Umetuaibisha vya kutosha."

Dumu likawekwa chini. Likafuata la pili. Wapo walioanza kuambiana kwamba wao tangu mwanzo walikuwa na shaka, na waliosema hivyo ndio waliopiga kelele kuliko wote dakika chache nyuma.

"Nikifika stoo, zima pampu," Nge alisema, akatoka.

Kimya kilipoingia, Kinanda alisikia pumzi zake mwenyewe zikirudi kutoka nje. Komeo likafunguka. Alitoka mbio na Beretta mkononi, akakuta mguu wa Nge ukimngoja kizingitini. Alikula sakafu. Kiwiko kilimshukia shingoni, bastola ikateleza hadi dimbwini, pingu zikafunga.

"Samaki mzima," Nge aliiambia redio. "Na magamba yake. Waambie wale wanaobishana walete gari la wagonjwa."

Walikuja. Bawabu alibebwa kwa machela kupitia geti la mashariki, macho yakiwa wazi. Watu walipisha wakitazama viatu vyao. Kinanda alifuata, akaingizwa kwenye Land Cruiser.

Kaka yake Nge alikuwa amesimama palepale. Alimwona mdogo wake, akaiona bastola.

"Wewe… si unauza bima?"

"Panda gari, kaka."

"Mimi nimefanya nini? Ule ujumbe nilitumiwa tu! Kila mtu alitumiwa!"

"Jiwe hukutumiwa."

Alitazama kulia na kushoto akitafuta wa kumtetea. Wenzake wa Mwavuli walikuwa wakishughulika na simu zao, wakifuta. Machozi yalimjaa Nge, akayaacha yajae, hakuyapangusa. Aliushika mlango ukiwa wazi mpaka kaka yake alipoinama, akaingia, akakaa bega kwa bega na Kinanda.

Nge aliketi mbele, akavaa miwani yake ya jua, akafunga mkanda.

"Tufuate gari la wagonjwa," alimwambia dereva. "Huyu kaka yangu atakwenda kumtazama yule mzee usoni kwanza. Kituoni baadaye."