Mkono Juu ya Lenzi

Siku mpiga picha alipofariki, viti vilikuwa bado vinashushwa uani pale mdogo wake alipobisha hodi chumbani kwa mjane. Alisimama mlangoni na jambo dogo la kuuliza.

"Shemeji, nahitaji picha yake. Moja tu, ya uso. Duka la kuchapa linafunga jioni, na mazishi ni kesho."

Mjane alikuwa amekaa upande wake wa kitanda, ule wa ukutani, na mkononi ana soksi ya mumewe aliyokuwa akiikunja tangu asubuhi bila kuimaliza. Aliinua macho. Kuta zilijaa picha: maharusi, watoto wasio na meno ya mbele, wazee waliobanwa na tai. Zote alizipiga marehemu. Hakuwemo hata katika moja.

"Haiwezekani," shemeji alisema huku akigeukageuka. "Mtu kapiga picha nusu ya mji huu, yeye mwenyewe hana?"

"Ipo ya kitambulisho."

"Ile hapana. Pale anaonekana kama mtu aliyekamatwa."

Mjane alitaka kucheka, ikashindikana. Kaburini aende na sura ya mtu aliyekamatwa? Mtu aliyekuwa akiwachekesha wengine hadi wasahau kwamba wanapigwa picha?

"Iko moja," akasema taratibu. "Ila ina mkono."

"Mkono wa nani?"

"Ngoja niitafute."

Akafungua kabati, akaanza kushusha maboksi. Mikono ikipekua, akili ikamrudisha siku ya kwanza walipokutana.

Ilikuwa mahafali ya mdogo wake wa kike, kwenye uwanja wa chuo. Watu walikuwa wamebanana kama viberiti, kila familia ikimvuta mtoto wake kwenye kivuli cha jengo, na wapiga picha wakigombea wateja kwa sauti. Yeye, muuza miwani, alikuwa amevaa gauni la rangi ya machungwa lenye mikono mipana, na viatu vilivyokuwa vikimtesa toka getini. Wakamchukua mpiga picha wa kwanza waliyemkuta hana mtu. Alikuwa mfupi, mwenye kizibao cha mifuko mingi. Alishika kamera kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akautandaza juu ya lenzi, kama mtu anayeangalia anayekuja kutoka mbali.

Muuza miwani hakuweza kunyamaza. Kitu asichokielewa kilikuwa kinamwasha mwili.

"Samahani kaka, hiyo kamera inaumwa macho?"

"Haiumwi," alijibu bila kugeuka. "Naizuilia jua."

"Si zina kofia zake? Wenzako wote naona wamezivalisha."

Ni kweli. Mbele ya lenzi za wengine kulikuwa na kile kipande cha plastiki nyeusi kinachotokeza kama ukingo wa kofia.

"Wenzangu wana mikono mibovu."

Mwenye joho akaangua kicheko, na hiyo ndiyo picha iliyotoka nzuri kuliko zote.

"Na wewe ni nani, fundi kamera?" mpiga picha akauliza.

"Nauza miwani."

"Ahaa! Kumbe nasimangwa na daktari wa macho."

"Sijasema daktari. Nauza fremu. Lakini kioo ni kioo. Mwanga ukikipiga kwa pembeni, unachokiona kinapauka kama kanga iliyofuliwa mwaka mzima."

Hapo mpiga picha akashusha kamera, akamtazama vizuri. "Sogea, Daktari. Njoo uone." Akamwonyesha picha mbili kwenye kioo cha nyuma. Ya kwanza ilikuwa na ukungu mweupe, na madoa ya mwanga yametapakaa shavuni kwa mdogo mtu. Ya pili, joho jeusi tii, meno meupe. "Ile bila mkono, hii na mkono. Kiganja hiki sikukinunua, na sijawahi kukisahau nyumbani."

"Na ukiuhitaji mkono huo kwa kazi nyingine?"

"Kazi gani?"

"Kumshika mtu, kwa mfano."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Mdogo wake akajifanya anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Mpiga picha akakohoa, akaomba namba ya simu, akieleza kwamba ni kwa ajili ya kutuma picha, picha tu.

Picha zilitumwa jioni ile ile. Simu hazikukoma.

"Daktari, nimepata sababu nyingine. Upepo ukivuma, kofia inatikisa kamera."

"Unapigia picha juu ya mlingoti?"

"Haya. Watoto wanaiogopa. Lenzi inakuwa ndefu kama bomba la maji."

"Watoto wanakuogopa wewe, Bwana Kiganja."

"Na wewe je?"

"Mimi nakuchunguza bado."

Basi ikawa hivyo, hadi wakapendana. Alianza kuzitazama picha za watu kwa jicho jipya, kwenye mabango, kwenye kalenda ya dukani, akitafuta mwanga ulikoingilia. Mwisho akapeleleza aina ya lenzi ya mpenzi wake, akaagiza kofia yake, akaifunga ndani ya kitambaa cha kufutia miwani, akampa. Mpiga picha akafurahi kama mtoto. Akaivalisha lenzi papo hapo, ila kinyume, mdomo umeelekea nyuma, namna watu wanavyoifunga ikiwa inaingia begini tu.

Na kila walipoonana aliikuta vivyo hivyo, imegeuzwa.

Baba yake alipostaafu, familia ilikodi ukumbi mdogo. Muuza miwani alimshika mpiga picha kiwiko mlangoni. "Mpenzi, leo uivae inavyotakiwa. Kwa ajili yangu." Mpiga picha alisita kidogo, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akaigeuza kofia ikatazama mbele.

Walipokusanyika sebuleni kuzitazama picha kwenye runinga, kila picha ilikuwa na kivuli chini, nusu duara nyeusi kama sahani iliyovunjika. Taa ya kamera ilikuwa imegonga kofia, na kofia ikatupa kiza chake juu ya viatu vya baba, juu ya zawadi, juu ya kila kilichowekwa mezani.

"Jamani," shangazi akasema, "mbona keki imemezwa na giza?"

"Muulizeni Daktari," mpiga picha akajibu kwa bashasha. "Mimi nilivishwa tu."

Sebule nzima ikacheka. Muuza miwani naye akacheka, kisha akaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Kesho yake akapiga simu mwenyewe.

"Ulijua taa itagonga kofia?"

"Nilijua inaweza."

"Ukanyamaza."

"Uliniomba niivae. Nikaona nikikataa utasema nadharau zawadi yako."

"Kwa hiyo uliacha picha za baba yangu ziharibike ili ushinde ubishi."

"Siyo hivyo, mpenzi—"

"Usiniite hivyo."

Akakata. Simu ikalia, akaiacha ilie. Ikalia tena siku nyingine, halafu ikazoea kunyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo lililomuuma zaidi. Dukani alipima fremu kwenye pua za watu, akawaambia wamependeza, na jua la alasiri lilipoingia mlangoni akajikuta ameinua kiganja kulikinga.

"Yule wako siku hizi hapigi?" akauliza dada wa kaunta, mwenzake wa kazi, ambaye jicho lake halikupitwa na kitu.

"Si wangu."

"Basi huyo asiye wako amesimama mlangoni."

Alikuwa yeye, na shati jeupe lililopigwa pasi mbele tu. Akaitua kamera juu ya kaunta, katikati ya miwani ya kusomea. Kofia ilikuwa imepasuka upande mmoja, kipande kinaning'inia.

"Nimeleta mgonjwa."

"Hapa tunatibu watu."

"Mkanda wa shingoni umekatika nikishuka ngazi. Kamera ikatangulia, tena kwa mdomo." Akatoa kofia iliyovunjika kwa uangalifu. "Tazama lenzi."

Akaichukua, akaisogeza kwenye taa ya kukagulia vioo. Akaizungusha pole pole. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Kofia ilikuwa imetazama mbele?" akauliza, udadisi ukimshinda hasira.

"Mbele."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokata simu. Nje, juani, naivaa. Ndani, nikiwasha taa ya kamera, naivua. Hayo ndiyo niliyotakiwa kukwambia siku ile mlangoni. Niliogopa kukukatalia, nikaona bora picha ziharibike kuliko uninunie. Vyote viwili nikavipata."

"Na kunifanya nichekwe na watu?"

"Hilo lilikuwa la kijinga. Nimeenda kwa mzee kumwomba radhi. Amesema viatu vyenyewe vilikuwa vibaya, giza limemstiri."

Muuza miwani akainama kuficha tabasamu. "Kwa hiyo nimeshinda. Kofia ina faida."

"Kwa kuanguka, umeshinda. Kwa jua, mkono wangu bado."

"Bwana Kiganja!"

"Daktari, nikuoe?"

Aliuliza vile vile, kama anayeuliza bei ya fremu. Mzee mmoja aliyekuwa akijaribu miwani akaivua ili asikie vizuri.

"Jibu, mwenzangu," dada wa kaunta akasema. "Wateja wanasubiri."

"Tokeni nje kwanza, wewe na kamera yako. Nataka nilipime hilo la jua."

Wakatoka hadi kwenye kibaraza cha duka. Jua lilikuwa limeshuka, linatazama mtaa uso kwa uso. Akamsimamisha mpiga picha, jua likiwa nyuma ya kichwa chake, akashika kamera kwa mikono miwili.

"Sikuoni. Umekuwa mweupe wote."

Mpiga picha akasogea hatua, akanyoosha mkono, kiganja kikatua hewani juu kidogo ya lenzi. "Sasa?"

"Sasa nakuona."

Akabonyeza.

"Mkono umeingia kwenye picha," akasema. "Nilijua tu."

"Lakini mimi nimeonekana?"

"Umeonekana."

"Na jibu langu?"

"Ndiyo. Lakini mkono umeingia."

Waliiunga kofia kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, wakaoana, na ubishi haukuisha. Kwenye meza ya chakula, kwenye simu, hata wodini wiki mpiga picha alipolazwa kwa ugonjwa wa moyo, alimwambia muuguzi aamue, kofia au kiganja, na muuguzi akamwambia alale.

Mjane aliikuta picha chini kabisa ndani ya boksi la tatu au la nne, alipoteza hesabu. Akampa shemeji. Mpiga picha alikuwa anacheka, midomo imeachana kidogo kama anayetaka kuongeza neno, kila unywele wa nyusi unaonekana. Na juu, ukingo mzima, kiganja chake kikubwa chenye ukungu.

Shemeji aliisogeza kwenye mwanga. "Ni yeye kabisa," akasema. "Nitamwambia wa kuchapa aukate huu mkono. Ni kazi ndogo."

"Usiukate."

"Shemeji, watu watauliza."

"Waulize. Bila mkono huo, uso usingeonekana. Ningebaki na weupe mtupu."

Shemeji akaiweka picha ndani ya shati, upande wa moyo, akatoka bila kubisha. Kesho yake watu waliuliza kweli. Shangazi alikuwa wa kwanza. "Huu mkono wa nani?" Mjane akamjibu, "Wake." Shangazi akaitazama tena, akatikisa kichwa, akauliza aliwezaje, na mjane akajikuta anaeleza habari za jua na lenzi mbele ya kaburi la mumewe, kwa kirefu, na hakuna aliyemkatiza.

Kamera ilikaa kwenye msumari muda mrefu. Alipoishusha, alimsimamisha dada wa kaunta kibarazani, akapiga bila kofia, akapiga na kofia, akajaribu na kiganja chake. Jua likiwa pembeni, kofia inatosha, tena hakuna kinachoingia kwenye picha. Jua likitazama mbele na limeshuka, kofia ni fupi, mkono unashinda. Lakini kamera ni nzito kwa mkono mmoja, na picha zake zote za kiganja zilitikisika. Akatoa simu apige amwambie mumewe kwamba wote wawili walikuwa sawa, kidole kikafika kwenye jina.

"Vipi?" dada wa kaunta akauliza.

"Hakuna. Simama vizuri."

Siku hizi Jumamosi hupiga picha za mahafali. Kofia huwa mbele, na utepe wake mweusi. Jua likishuka sana, huwaomba watu wageukie upande mwingine.